Muhogo Usiomo Hatini

Bibi alipiga hodi kwa mdomo. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, maana mtaani kwetu siku hizi watu hugonga geti kwa jiwe, au husimama nje wakapiga simu: "Nipo hapa, fungua." Yeye aliita hodi mara tatu, akinyamaza kila baada ya moja kama mtu anayengoja jibu litoke mbali, ndani kabisa ya shamba. Ilikuwa Jumapili, masika yameshika, maji yamesimama barabarani tangu Ijumaa. Nilipofungua nikamkuta mwanamke wa umri wa bibi yangu mzaa mama, kanga moja kajifunga na moja kajitanda, mkononi ana kikapu cha ukili. "Shikamoo bibi." "Marahaba baba. Hamjambo humu?" Hatujambo. "Naomba nichume kisamvu kidogo, baba, hapo kwako." Nikamwambia hapa hapana kisamvu. Hakubisha. Alinyoosha kidevu tu kuelekea nyuma ya tenki la maji, na mimi nikageuka kutazama uani mwangu kama mgeni.

Muhogo upo. Umeota kwenye ufa baina ya ukuta na vitofali vilivyotandazwa uani, nao mwaka huu, kwa kuwa nilikuwa safarini, umepata nafasi ya kurefuka hadi ukauchungulia ukuta. Naujua kwa uadui. Kila mwaka naukata, na kila mvua ikinyesha unachipua tena kutoka kwenye shina ambalo mafundi walilifukia bila kulitazama. Mwaka mmoja niliumwagia chumvi. Ukakaa kimya miezi miwili ukarudi. Kwangu ulikuwa gugu. Bibi aliukaribia akaushika tawi kama mtu anavyomshika mtoto kidevu ili amtazame usoni. "Huu ni wangu," akasema. Halafu, kwa adabu, akajisahihisha: "Ulikuwa wangu."

Mume wake ndiye aliyeniuzia, mwaka 2009, huku Mbande, mbele ya Chamazi, wakati ule barabara ikiwa ya vumbi na daladala zikiishia tulikokuwa tunakuita mwisho wa dunia kwa utani. Hati yangu ya mauziano ni karatasi moja iliyopigwa chapa kwenye duka la stesheneri la Mbagala Rangi Tatu, yenye mhuri wa serikali ya mtaa, sahihi za mashahidi na dole gumba la mzee. Inasema kiwanja ni mita 20 kwa mita 20. Inasema kaskazini kinapakana na nani, kusini na nani, magharibi na njia. Haisemi kwamba palikuwa na mkorosho. Haisemi minanasi, kisima, wala ngwe za mihogo ambazo mzee aliniomba niwaache wavune kwanza, nami nikamjibu kwamba fundi ameshalipwa. Mwaka ule ule serikali ilitangaza Kilimo Kwanza. Nakumbuka kuisikia kaulimbiu hiyo redioni ndani ya lori lililokuwa likileta mchanga wangu wa msingi.

Tangu Jumapili hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno, kwa sababu nashuku kwamba shamba lile liliuzwa midomoni mwetu kabla ya kuuzwa kwenye karatasi. Dalali aliyenipeleka hakuwahi hata mara moja kulitaja kwa jina lake. Tulipokuwa tukipita katikati ya mihogo, majani yakitugusa mabega, yeye alikuwa akisema kiwanja. "Kiwanja chako kinaanzia hapa." Neno hilo ni la ukoo wa uwanja, na uwanja ni mahali peupe, pasipo kitu: pa kuchezea mpira, pa kutulia ndege, pa kuanikia mpunga. Kwa hiyo kila aliyesema kiwanja alikuwa ameshang'oa kwa ulimi kila kilichoota pale, na panga lilikuja baadaye kumalizia kazi. Hata umbali alinitajia kwa kipimo kipya: "mita mia nane tu kutoka lami." Zamani mtu akisifia mahali pa kuishi alitaja maji yako wapi. Sasa tunataja lami iko wapi, hata pale ambapo lami yenyewe bado ni ahadi ya mbunge.

Na shamba, neno lenyewe, tumelifanya nini? Tumelitolea tusi. Mshamba ni mtu asiyejua kupanda ngazi za umeme, anayeshangaa maghorofa, anayeweka hela soksini. Ushamba ni ugonjwa ambao mji unadai kuutibu. Nimewahi kuwasikia vijana wawili wakiitana washamba, mmoja ameegemea bodaboda yake chini ya mnazi ambao mzee fulani aliupanda akiwa mkulima, tena hapo hapo ulipo. Hakuna kati yao aliyecheka kwa sababu hiyo. Ukiishi katika lugha ambamo mwenye shamba ni kichekesho, itakushangaza vipi siku mwenye shamba atakapokuja kuomba naye aitwe mwenye kiwanja?

Lakini kuna neno moja ambalo halikukubali kuoshwa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Magazeti yetu yanapenda kuandika "viunga vya jiji la Dar es Salaam," yakimaanisha huku kwetu, pembezoni, kwenye nyumba zisizokwisha na nguzo za umeme za kuinama. Fungua kamusi ya zamani uone kiunga ni nini. Kiunga ni bustani ya miti ya matunda, shamba lililo kando ya mji: miembe, michungwa, mifenesi, migomba. Wazee wetu wa Pwani hawakuweza kuwaza ukingo wa mji usiokuwa na matunda, hivyo neno moja liliwatosha kwa yote mawili. Mtu akitoka mjini alipita kiungani, na kutoka mjini kulikuwa na harufu. Mji haukukoma ghafla kama ukuta. Uliyeyuka taratibu ndani ya kivuli, na kivuli kile ndicho kilichoulisha. Leo mwandishi wa habari anaandika viunga akiwa na maana ya foleni, na neno linabeba maiti yake mgongoni bila kujua.

Majina ya mitaa nayo yamefanya hivyo hivyo. Mikocheni ilikuwa na mikoche. Mchikichini, mchikichi. Mivinjeni, mivinje iliyokuwa ikivuma kwa upepo wa bahari. Mabibo ni lile tunda laini la mkorosho ambalo watoto walilifyonza likawachafua nguo, doa lisilotoka hata kwa sabuni ya mche. Mnazi Mmoja hunitatiza zaidi ya yote: ulikuwa mmoja tangu mwanzo, au ulikuwa wa mwisho kubaki? Kariakoo nako kulikuwa shamba la minazi kabla wapagazi wa jeshi la Waingereza hawajapiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jina la kikosi chao likakaa mahali ilipokaa minazi. Kiambishi hiki chetu, -ni, ni cha ajabu: hakina wakati uliopita. Mtu anasema "nashuka Mikocheni" na sarufi inaapa kwamba anashuka katikati ya mikoche, sasa hivi, leo. Lugha haijapata taarifa.

Bibi hakuchuma haraka. Aliacha kile kikonyo cha juu kabisa, chenye majani bado mekundumekundu, akachuma ya chini yake, akayapanga kikapuni uso juu. Akaniuliza kisima nilikifanya nini. Nikasema kisima kipi. Akaanza kukitafuta kwa miguu: alitaka kuhesabu hatua kutoka kwenye mkorosho, kama alivyokuwa akihesabu usiku akienda kuteka bila taa, ila mkorosho haukuwepo wa kuanzia. "Ulikuwa wapi, baba?" Nikamwonyesha dirisha la sebule. Kisiki chake fundi alikichoma siku tatu, kikafuka moshi mwepesi usiokatika, na mimi nikanung'unika kwamba ananipotezea muda. Tukapiga hesabu pamoja kutoka dirishani. Kisima, tukakubaliana, lazima kiwe chini ya karo la maji machafu. Hakusema kitu. Alicheka kidogo, kicheko cha puani, kama mtu aliyekumbuka jambo la marehemu.

Nadhani tulichobadilisha hasa ni hesabu. Shamba lilihesabiwa kwa kilichomo. Uliuliza mtu ana minazi mingapi, si ana ekari ngapi. Kazi ilihesabiwa kwa ngwe, kipande anachoweza kulima mtu mmoja kabla jua halijawa kali. Kipimo ambacho kilikuwa na mgongo wa mtu na joto la siku ndani yake. Kipando kilipimwa kwa shibiri, mpaka kwa minyaa na minanasi. Hata sheria iliwahi kufikiri hivyo. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake Mali ya Taifa cha mwaka 1958, alijenga hoja kwamba ardhi ni zawadi aliyoikuta mtu, na kilicho chake kwa haki ni jasho alilolimwaga juu yake. Mpaka Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotamka kwamba haki juu ya ardhi yenyewe ina thamani, ardhi tupu haikuwa na bei kisheria. Kilichouzwa au kufidiwa kilikuwa maendelezo, yaani nyumba na miti. Ofisa alipita na daftari: mkorosho mkubwa, mkorosho mdogo, mwembe unaozaa, mwembe usiozaa. Najua hesabu hiyo nayo ilidhulumu wengi, maana muhogo wa msimu haukuwa na heshima ya mnazi, na bei zilipangwa na watu wasiowahi kukwea. Sitaki kuitia sukari. Lakini angalau mnunuzi alilazimika kuutazama mti kabla ya kuukata.

Mwaka 1983 serikali iliwakamata Dar es Salaam watu wasio na kazi maalumu, ikawapeleka vijijini wakashike jembe. Operesheni hiyo iliitwa Nguvu Kazi. Kabla ya hapo kulikuwa na kaulimbiu ya Siasa ni Kilimo, ikaja ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mji ulikuwa ukiwatapika watu kuelekea shambani. Kisha, mwaka 2002, ukaanza mradi wa viwanja 20,000, na majina yaliyokuwa ya mashamba yakaingia kwenye ramani za wapimaji: Bunju, Mbweni, Kibada, Buyuni, Gezaulole. Gezaulole kwa Kizaramo ni jaribu uone. Kilikuwa kijiji cha Ujamaa, watu walihimizwa kwenda kujaribu kulima pamoja. Wakajaribu, wakaona, na walipoinua macho wakaona bikoni za saruji zimesimikwa. Sisemi upimaji ulikuwa kosa. Mtaa wetu haukupimwa kamwe na matokeo yake ni kwamba gari la zimamoto haliwezi kufika kwangu hata likiamua. Nasema tu kwamba kati ya kumfukuza mtu aende shambani na kumfuata huko huko shambani ilipita miaka 19.

Dalali wangu alikuwa na methali yake, na sasa inasemwa na kila mtu, hata mashehe na wachungaji wanapowahimiza vijana wawekeze: ardhi haiozi. Pesa huisha, gari huchakaa, ardhi haiozi. Nilimwamini. Nilimkariria bibi huyu maneno hayo, kwa mzaha, tukiwa tumesimama pale uani, na yeye akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si ndiyo maana inakufa?" akasema. Ilinichukua siku kadhaa kumwelewa. Alikuwa mkulima, kwake udongo ni kitu ambacho kuoza ndiyo kazi yake yote. Majani ya mkorosho yanaanguka yanaoza, maganda ya mihogo yanaoza, samadi ya mbuzi, magugu aliyoyapalilia akayalaza kati ya matuta, yote yanaoza yakawa mboji, na mboji ikafanya udongo mwekundu wa huku uwe mweusi kidogo kila mwaka, kiasi cha ukucha. Ardhi isiyooza ni saruji. Uani kwangu hakiozi kitu. Jani likidondoka linakauka, linapeperushwa, linafagiliwa, linachomwa.

Na hakunywi kitu. Matuta ya mihogo yalikuwa yakiyakalisha maji ya mvua, yakayanywesha ardhi pole pole. Mabati yangu yanayakusanya kwa sekunde, vitofali vinayasukuma getini, geti linayakabidhi kwa jirani, jirani anaukabidhi mtaa, nao mtaa unayapeleka bondeni kwa watu walionunua viwanja vya bei nafuu kuliko mimi. Kila masika tunailaumu halmashauri kwa mitaro. Tuna haki ya kuilaumu. Lakini kila mmoja wetu aliyeng'oa shamba aling'oa mtaro uliokuwa ukifanya kazi bila bajeti.

Kuna mzaha wa mjini kwamba wenyeji wa Pwani waliuza mashamba yao ili wapate pesa za kucheza ngoma. Nimeusikia baa, nimeusikia ofisini, nimeucheka. Ni mzaha wa mnunuzi. Mzee yule aliuza kwangu kwa sababu jirani zake wa pande tatu walikuwa wameshauza, ng'ombe wa mgeni mmoja walikuwa wakimlia mihogo, na vijana wa mtaa mpya walikuwa wakimlia iliyobaki usiku. Shamba halifi peke yake. Hufa kama jino, likishang'oka la pembeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee, na kwa karne nyingi ilikuwa njia ya kumfanya mgeni mwenyeji: umpe ngwe, alime, ale jasho lake. Sisi tulikuja na jembe letu lakini lilikuwa la kuchimbia msingi.

Hata hivyo siwezi kujifanya kwamba nilikuwa na pengine pa kulala. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta Dar es Salaam watu wapatao 272,000. Ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Mimi ni mmoja wao, nilizaliwa mbali na bahari, nilipanga chumba Manzese miaka minane kwa kodi ya miezi sita sita, na siku niliyolala mara ya kwanza ndani ya kuta ambamo hakuna mtu angeweza kunitoa, bila plasta, bila madirisha, nililia. Muuguzi aliye jirani yangu alinunua tofali hamsini hamsini kila mwisho wa mwezi. Mkimwambia kwamba alipaswa kuliacha shamba la watu libaki shamba atawauliza mlitaka akajenge wapi, na swali lake ni halali. Walioweza kujenga kwenda juu, na waliochora ramani za mji huu tangu ule mpango wa mji wa mwaka 1949, walikuwa na nafasi ya kulijibu mapema kuliko yeye.

Jioni ya Jumapili ile mke wangu alitaka kupika kisamvu, kwa kuwa maneno ya bibi yalikuwa yametutia hamu. Nikaenda sokoni Mbagala, nikanunua kilichokwisha kusagwa kwa mashine, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Muuzaji akasema kimetoka Mkuranga. Nyanya zilitoka Ilula, mchele Kyela, nanasi Kiwangwa. Ninaishi juu ya ngwe za mihogo na nimepanda bajaji kwenda kununua jani la muhogo. Niliila mboga ile na nazi, ilikuwa tamu, sina la kusema zaidi.

Nimelitanguliza la jioni, asubuhi haijaisha. Bibi alipomaliza kuchuma aliniomba jambo la pili: pingili. Anataka mbegu hiyo, akasema, maana ni ile mitamu ya kutafuna mibichi, isiyokuwa na uchungu, na kila alikoiulizia ameambiwa haipo tena. Watu wanapanda za kisasa. Nikaleta panga. Alichagua mashina yaliyokomaa, akayakata kwa kipimo cha shibiri, kumi na mbili, kila moja lina macho yake, akayafunga kwa uzi alioutoa kwenye upindo wa kanga. Nilimwomba radhi, sijui kwa lipi hasa, nadhani kwa chumvi. Akasema hakuna neno baba, muhogo hausikii chumvi.

"Unakwenda kuipanda wapi?"

"Kwa mwanangu, Vikindu."

Nikafurahi. Nikasema vizuri, bora huko bado kuna mashamba.

"Kiwanja," akasema. "Ishirini kwa ishirini. Ila nyuma ya choo pamebaki kidogo."

Nikamsindikiza hadi nje. Aliaga, akageuka kushoto na kwenda hatua kama kumi kwa kasi ya mtu anayejua njia, kisha akasimama mbele ya ukuta wa jirani, pale inapoishia ile njia ambayo hati yangu bado inasema ipo upande wa magharibi. Alisimama kidogo, pingili zikiwa zimelala begani. Halafu akazunguka.